Bill Wilson, mlevi aliyemtafuta mlevi mwenzake

Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kutuona baada ya ibada, peke yake. Alikuwa amekwisha kumpeleka mume wake kwenye vyumba vya maombi vitatu. Alikuwa amewaita wazee wa ukoo, wakakaa naye usiku kucha wakimgombeza. Alikuwa amemsukuma aende kwenye kikundi cha wanaume wa kanisa, na huko mume alinyamaza saa mbili nzima, kisha akapitia nganda ya kasiksi akirudi nyumbani. Mama huyo hakutuuliza kama Mungu anaweza kumponya mlevi. Hilo aliliamini kuliko sisi. Aliuliza ni kati ya watu gani mume wake anaweza kukaa na kusema ukweli wake wote.

Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Lakini tulikumbuka maisha ya mtu mmoja tuliyesoma habari zake tukiwa kwenye masomo ya theolojia, Mmarekani aliyekufa mwaka 1971, ambaye swali hilo nusura limuue kabla hajapata jibu. Tunayasimulia hapa kwa maneno yetu wenyewe.

William Griffith Wilson, ambaye wote walimwita Bill, alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 1895, katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, wazazi wake walitengana. Baba akaenda zake mbali upande wa magharibi, mama akaenda Boston kusoma, na Bill pamoja na dada yake wakabaki kwa babu na bibi wazaa mama. Siku moja babu alimwambia kwamba hakuna mtu asiye wa Australia anayeweza kuchonga kile kijiti cha kuwindia ambacho ukikirusha kinakurudia. Mtoto akachonga miezi mingi. Mwishoni alikata hata ubao wa kitanda chake, na kijiti kikarudi. Tangu hapo alitaka kuwa wa kwanza katika kila jambo. Mwaka 1912 msichana aliyempenda, binti wa mchungaji, alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji, na kijana akaanguka katika huzuni nzito. Huzuni ya namna hiyo ilimrudia mara nyingi katika maisha yake.

Pombe aliionja mwaka 1917, akiwa ofisa kijana wa jeshi katika mji wa New Bedford, nyumbani kwa matajiri waliowakaribisha wanajeshi. Alikuwa mtu wa haya, mrefu, asiyejua aweke wapi mikono yake mbele ya wageni. Alipokunywa, haya ikaondoka, akajisikia kwa mara ya kwanza kwamba yuko nyumbani kati ya watu. Wasomaji wetu wengi wanamfahamu kijana wa namna hiyo. Pombe ilimpa jamaa kabla haijamnyang'anya kila kitu, na tukisahau jambo hilo hatutaelewa kwa nini mlevi anarudi kule kule tulikomtoa.

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 1918 alimwoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn. Baada ya vita alifanya kazi kwenye soko la hisa la New York. Alisafiri na Lois kwa pikipiki kutoka kiwanda hadi kiwanda, akichunguza ni kampuni gani inafaa kununuliwa, na kwa muda alipata fedha nyingi. Alisoma pia sheria, lakini alikuwa mlevi kiasi cha kutochukua diploma yake. Lois alipoteza mimba tatu, nao hawakupata mtoto. Mwaka 1929 soko la hisa likaanguka na fedha zikaisha. Wakarudi kukaa katika nyumba ya baba yake Lois, namba 182 Clinton Street, na mke akawa muuzaji katika duka kubwa. Jioni alirudi amechoka, akamkuta mume chini sakafuni.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 Bill alilazwa mara nne katika hospitali ya Towns, New York, iliyopokea walevi. Huko alikuwepo daktari William Silkworth. Daktari huyo alifundisha kwamba mlevi ana ugonjwa wenye pande mbili: mwili unaodai zaidi kila ukionjeshwa, na akili inayosahau kila mara hasara ya jana. Bill alifurahi kusikia kwamba yeye ni mgonjwa. Alitoka, akanywa tena. Kujua ugonjwa wako si dawa, ingawa sisi wahubiri mara nyingi tunadhani mtu akielezwa vizuri atabadilika.

Mwishoni mwa mwezi wa 11 mwaka 1934 rafiki yake wa ujana, Ebby Thacher, alibisha mlangoni. Bill alifurahi, maana Ebby alikuwa mnywaji mwenzake wa zamani. Akamimina pombe, akaisukuma mbele yake mezani. Ebby akakataa. Alieleza kwamba alikuwa karibu kufungiwa kwa sababu ya ulevi wake, ndipo watu wa kundi lililoitwa Oxford Group wakamsimamia mbele ya hakimu. Kundi hilo lilianzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri kutoka Marekani. Wafuasi wake walikutana nyumbani kwa watu, wakaungama dhambi mmoja kwa mwingine, wakarudisha walichodhulumu, wakakaa kimya kumsikiliza Mungu. New York kiongozi wao alikuwa mchungaji Samuel Shoemaker wa kanisa la Calvary, ambalo lilikuwa na nyumba ya kuwapokea watu waliolala barabarani.

Bill alikwenda kwenye nyumba hiyo akiwa amelewa, akasimama mbele pamoja na wenye kutubu. Siku zilizofuata alikunywa tena. Tarehe 11 mwezi wa 12 alijipeleka hospitali ya Towns kwa mara ya mwisho. Akiwa pale kitandani, amekata tamaa kabisa, alimlilia Mungu ajionyeshe kama yupo. Alisimulia baadaye kwamba chumba kilijaa mwanga na amani ikamshukia. Wako wanaosema ni dawa za hospitali zilizomfanya aone hayo. Silkworth hakubishana naye, alimshauri ashike alichopata. Bill alikuwa na umri wa miaka 39, na hakunywa tena mpaka kufa.

Hapa tunalazimika kusimama kidogo, kwa sababu tuna kosa letu la kuungama. Miaka iliyopita tulimpokea baba aliyekunywa kanyanga kila siku tangu asubuhi. Tukamweka katika chumba cha maombi, siku tatu za kufunga bila kula wala kunywa. Siku ya pili mikono yake ilitetemeka, akaanza kuona ukutani watu ambao hawakuwepo. Sisi tukafikiri ni mapepo yanaondoka, tukaongeza sauti. Usiku akashikwa na degedege. Dada mmoja muuguzi, mshiriki wa kanisa, ndiye aliyetufokea na kumpeleka hospitali, akapona. Huko tulielezwa kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafula unaweza kushikwa na degedege hata kufa. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji daktari, dawa, maji na chakula. Bill Wilson aliacha pombe akiwa kitandani hospitalini. Tulikuwa tumesoma jambo hilo na hatukuliona.

Alipotoka hospitali alijawa na bidii. Kwa miezi kama sita alizunguka kwenye nyumba ya Calvary na hospitalini akiwahubiri walevi, akiwaeleza habari ya ule mwanga. Aliwaleta nyumbani, Lois akawalisha. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Alipolalamika, Lois alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa bado hajanywa. Naye Silkworth alimwonya kwamba anawahubiri mno. Aanze na ugonjwa, aseme habari zake mwenyewe, mambo ya Mungu yafuate. Sisi ambao kazi yetu ni kuhubiri, onyo hilo linatuchoma.

Mwezi wa tano 1935 alisafiri hadi Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli za kampuni moja. Shughuli zikavunjika, wenzake wakarudi New York, akabaki hotelini na fedha kidogo mfukoni. Ilikuwa Jumamosi. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, watu wakicheka. Akaona kwamba akiingia tu amekwisha. Akakumbuka kwamba katika miezi ile sita hakumponya mtu, ila alipokuwa akizungumza na mlevi mwingine, yeye mwenyewe hakutamani pombe. Upande wa pili wa ukumbi palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akachagua jina, akampigia mchungaji Walter Tunks, asiyemjua kabisa, akamweleza kwamba yeye ni mlevi na anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye.

Tumefikiri mara nyingi juu ya mchungaji huyo. Mtu asiyejulikana anapiga simu Jumamosi, siku ambayo mahubiri ya kesho hayajakwisha, na anaomba mlevi. Angeweza kumwalika ibadani kesho saa nne na kukata simu. Tunks alimpa majina ya watu wa kuwapigia. Bill akapiga moja baada ya jingine, mpaka njia ikamfikisha kwa Henrietta Seiberling, mama wa Oxford Group, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwombea daktari mmoja wa mji ule.

Daktari huyo, Robert Smith, ambaye watu walimwita Dr. Bob, alikuwa mpasuaji mwenye umri wa miaka 55, mzaliwa wa Vermont kama Bill. Alikuwa amekaa katika kundi la Oxford Group la Akron zaidi ya miaka miwili. Aliomba nao, alisoma Biblia, na miaka hiyo yote aliendelea kunywa, akificha chupa hata kwenye sanduku la makaa. Wenzake walikuwa watu wema. Walipogundua shida yake walipiga magoti pamoja naye. Lakini hakuna mmoja kati yao aliyewahi kuamka asubuhi akitetemeka mikono na wagonjwa wanamngoja. Katika makanisa yetu wako wazee na mashemasi wanaokaa hivyo hivyo kwenye vikundi vyetu, wakitoa shuhuda juu ya mambo mengine, kwa sababu wanajua wakisema hili watavuliwa huduma wiki inayofuata na habari itafika sokoni kabla yao.

Walikutana nyumbani kwa Henrietta siku ya pili, Jumapili tarehe 12 mwezi wa tano, saa kumi na moja jioni. Dr. Bob alikuwa mgonjwa kwa pombe ya jana yake, na alikuwa amempa mke wake sharti kwamba hatakaa zaidi ya dakika kumi na tano. Walitoka baada ya saa tano usiku. Bill hakumhubiri. Alimwambia waziwazi kwamba amekuja kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji msaada, kisha akasimulia maisha yake. Dr. Bob alisema baadaye kwamba kwa mara ya kwanza alizungumza na mtu aliyejua jambo hili kwa kulipitia.

Bill alihamia nyumbani kwa akina Smith kwa miezi kadhaa. Anne, mke wa Dr. Bob, aliwasomea asubuhi waraka wa Yakobo, mahubiri ya mlimani na sura ya 13 ya 1 Wakorinto. Dr. Bob alianguka mara moja, aliposafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari. Aliporudi ilimpasa kufanya upasuaji, na Bill alimpa chupa moja ya bia ili mikono itulie. Walihesabu tarehe 10 mwezi wa sita 1935 kuwa siku ya kinywaji chake cha mwisho, na mwanzo wa kundi lao. Kisha wakaenda hospitali ya mji kumtafuta mtu wa tatu. Akapatikana mwanasheria aliyekuwa amewapiga wauguzi. Yeye pia alikuwa mtu wa kanisa, alimwamini Mungu bila shida. Alichokosa ni mlevi wa kukaa kando ya kitanda chake.

Bill aliporudi New York alifungua mkutano nyumbani kwake kila Jumanne jioni. Hakufanikiwa kama Akron. Walevi walilala katika nyumba ile, walikula chakula cha Lois, na mmoja alijiua humo humo. Pia watu wa Calvary hawakupendezwa na mkutano wa walevi peke yao. Walionao katika ile nyumba ya wokovu walikatazwa kwenda Clinton Street. Mwaka 1937 kundi la Bill likajitenga na Oxford Group. Tunaona makosa pande zote mbili. Oxford Group walidai usafi kamili kwa mtu aliyekuwa akipigana kupitisha siku moja bila chupa, na walipenda kutaja majina ya watu mashuhuri walioongoka, wakati mlevi anataka jina lake lifichwe. Hata hivyo Bill alikiri maisha yake yote kwamba alichojua juu ya kuungama, kurekebisha mabaya na kuwatumikia wengine alikipokea kwao, na hasa kwa Shoemaker.

Mwaka 1936 hospitali ya Towns ilimwahidi Bill ofisi na mshahara mzuri. Alikuwa maskini, Lois akiendelea kuuza dukani. Akaenda kwa furaha kuwaambia wenzake wa Jumanne, nao wakakataa. Walisema akilipwa kwa kazi hii, yote yataharibika. Mtu aliyetaka kuwa wa kwanza daima aliinamisha kichwa mbele ya walevi wa sebuleni kwake, na kwetu sisi hapo ndipo kundi lilipozaliwa kweli. Miaka miwili baadaye tajiri Rockefeller aliombwa fedha nyingi akatoa dola 5,000 tu, akiamini kwamba fedha nyingi zingewaharibu.

Mwaka 1939 walitoa kitabu kilichoitwa Alcoholics Anonymous, nalo kundi likachukua jina hilo. Kwa Kifaransa ni Alcooliques Anonymes, yaani walevi wasiotajwa majina. Bill alipoandika hatua kumi na mbili, waliokuwepo walibishana vikali. Wengine walitaka jina la Kristo liwe wazi, na wengine, kama Jim Burwell ambaye hakuamini Mungu, walitaka jina la Mungu litoke. Wakaafikiana kuandika Mungu kwa kadiri kila mmoja anavyomfahamu. Mwaka huo huo huko Cleveland walevi Wakatoliki walikuwa wanakatazwa na kanisa lao kuhudhuria mikutano ya Oxford Group, basi wakaanzisha mkutano chini ya jina jipya. Sisi kama wachungaji tungependa jina la Yesu litajwe, hatufichi. Lakini tunaelewa mlango ulivyopanuka, na tunajua wengine waliingia bila imani wakatoka nayo.

Miaka ile kila kundi lilikuwa na masharti yake ya kupokea watu. Ofisi ya New York iliomba makundi yatume orodha, na zilipowekwa pamoja ilionekana kwamba kama zote zingefuatwa, hakuna mtu hata mmoja angekubaliwa. Wakafuta, wakabakiza sharti moja: mtu awe na hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Kinachosemwa ndani kinabaki ndani. Anayeanguka anarudi Jumanne ijayo na kiti chake kipo.

Gazeti kubwa, Saturday Evening Post, liliandika habari zao mwezi wa tatu 1941, na katika mwaka ule mmoja wakaongezeka kutoka watu 2,000 hivi mpaka 8,000. Mwaka 1951 Lois alianzisha pamoja na rafiki yake makundi ya Al-Anon, ya wake, waume na jamaa za walevi, kwa sababu aligundua kwamba hasira yake haikukoma siku mume alipoacha pombe. Habari hii tuliipeleka kwa yule mama kabla ya habari nyingine yoyote.

Bill hakuwa mtakatifu, na watu wake hawakuficha jambo hilo sana. Huzuni ilimlemea kwa miaka kama kumi kuanzia 1944. Hakuwa mwaminifu kwa Lois. Alifanya vikao vya kuita roho za wafu nyumbani kwake, jambo ambalo kanisa haliwezi kumfuata, na mwaka 1956 alijaribu dawa ya LSD mbele ya madaktari. Sigara hakuziweza, nazo zikamharibu mapafu. Tena alipata shida moja ya ajabu: yeye aliyewapatia wengine kundi alikosa la kwake. Kila mkutano alioingia, watu walitaka kumsikiliza mwanzilishi, na hapakuwa na nafasi ya kukaa nyuma na kusema kwamba leo ni vigumu. Mwaka 1955, katika mji wa St. Louis, alikabidhi uongozi kwa makundi yenyewe. Alikataa pia heshima ya udaktari kutoka chuo kikuu cha Yale.

Ebby, aliyemletea habari, alianguka mara nyingi. Bill hakuacha kumwita mdhamini wake wala kumtafutia mahali pa kukaa, mpaka Ebby alipofariki mwaka 1966.

Mwishoni, akipumua kwa mashine, Bill aliwaomba wauguzi pombe kali zaidi ya mara moja. Hakupewa. Alikuwa na miaka 36 bila kunywa. Alifariki Miami tarehe 24 mwezi wa kwanza 1971, siku aliyotimiza miaka 53 ya ndoa.

Yule baba wa kasiksi sasa anakutana kila Alhamisi na wanaume wengine watatu, katika chumba cha nyuma cha shule ya kanisa. Mmoja wao ni yule wa kanyanga. Sisi tunawapa ufunguo, hatuingii.

Bill alizikwa East Dorset. Jiwe la kaburi lake linataja jina, cheo chake cha jeshi na tarehe mbili. Habari ya walevi haimo. Wanaofika pale huweka juu yake zile sarafu ambazo makundi huwapa watu kwa kuhesabu miezi na miaka bila pombe.